Fulana Mbili Nyeupe

Siku nne mfululizo usingizi ulinikataa kwa sababu ya fulana. Najua jambo hilo linavyosikika. Mtu aliyemaliza chuo kikuu, ambaye ukoo wake ulijinyima mengi ili asome, anakodoa macho gizani akilinganisha fulana ya sufu na fulana ya pamba, kana kwamba mmojawapo wa washtakiwa hao atanyongwa asubuhi. Lakini nisikilize kwanza, kisha useme mwenyewe kama ulikuwa upuuzi.

Ilianza Jumatatu, malori ya pamba yalipopita Tororo mbele ya chumba nilichopanga, yakielekea kwenye kinu cha kuichambua. Pamba ambayo bado ina mbegu haina harufu kali. Inanuka vumbi, na mafuta kidogo, na jua la mchana lililobaki ndani ya nguo baada ya kuanuliwa. Nilikuwa nimefungua dirisha. Nilipolifunga, harufu ilikuwa imekwisha kuingia, nami nilikuwa nimekwisha kurudi Nabuyoga, mtoto wa miaka minane, nimezama kwenye lundo la pamba mpaka shingoni.

Jioni hiyohiyo Okoth alibisha hodi. Okoth ni mwana wa baba yangu mdogo, kijana wa miaka kumi na saba, mrefu kama mlingoti. Alisimama mlangoni akichezea kofia.

"Dada, naenda mlimani na wawindaji mwezi huu. Wamesema kule baridi inauma, nitafute ya kuvaa ndani, ya bei ndogo. Wewe umesoma. Nichagulie."

Akacheka. Alikuwa na miaka miwili tu baba yake alipokufa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nguo za ndani za baba yake zilichaguliwa na mimi.

Wakati ule vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu. Kwetu pamba ndiyo ilikuwa kodi, ndiyo karo, ndiyo gauni la Krismasi. Kila msimu tulirundika mavuno pembeni mwa nyumba mpaka yakagusa paa, yakingoja siku ya soko, na sisi watoto tulikatazwa kabisa kuyapanda kwa sababu miguu yetu ilikuwa michafu. Tulipanda. Ukijizika ndani ya lundo lile, kwanza mbegu zilikuchoma mgongoni, kisha joto lilianza kukujia polepole kutoka kila upande, kama joto la kuku anayeatamia. Nje kungeweza kunyesha na upepo ukavuma, wewe humo ukatoa jasho. Hakuna mwalimu aliyenifundisha kwamba pamba ina joto. Nililijua jambo hilo kwa mgongo wangu.

Baba mdogo Obbo alikuwa ndugu wa baba aliyemfuata mgongoni. Alikuwa mwindaji, na alikuwa mtu wa mzaha; aliweza kubweka kama pongo dume mpaka mbwa wake mwenyewe wakamkimbilia na kumsaka nyuma ya ghala. Mimi aliniita karani, kwa kuwa nilimsomea maandishi kwenye makopo na magunia. Lakini mwaka ule mzaha ulipungua. Muhogo ulioza ardhini, na vichaka vyetu vilikuwa vimewindwa mpaka havikubaki na kitu ila panya na kware. Ndipo shemeji yake aitwaye Mafabi, aliyemwoa dada yao na kukaa juu mlimani Masaba, akaleta ujumbe: nyama huku bado ipo, njoo, ila uje na nguo. Mjumbe alirudia maneno mara mbili ili asikosee. Mafabi amesema koti si neno. Neno ni kile kinachogusa ngozi.

Sisi watu wa bondeni hatukuijua baridi. Tuliyoiita baridi ilikuwa asubuhi ya mvua, ikakwisha ukishika kikombe cha uji. Baba mdogo alikuwa na kaptura ya kaki, shati, na koti lililorithiwa kwa watu wawili. Cha kugusa ngozi hakuwa nacho.

Basi tukaenda soko la Busia, tangu alfajiri, yeye akipiga baiskeli na mimi nimekaa nyuma kwenye kiti cha mizigo. Tulipopita Buteba miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, naye aliniambia nikanyage hewani ili tufike upesi. Nilikanyaga kweli, kwa bidii, mpaka nilipoona anatikisika kwa kicheko.

Sokoni alikuwako askari mmoja aliyerudi vitani, Msamia wa ng'ambo ya mpaka, jina lake Wandera, ila kila mtu alimwita afande. Alitandaza nguo za jeshi juu ya turubai: makoti, soksi, mikanda, blanketi zilizotoboka.

"Karibu baba. Iko koti, iko soksi, iko ya ndani. Wewe nakwenda wapi?"

"Mlimani. Kuwinda."

Afande akamtazama kuanzia kaptura kushuka. "Mlimani na magoti hayo nje? Basi nunua na jeneza hapohapo, upunguziwe bei."

Baba mdogo alicheka kuliko wote waliokuwapo. Sasa nikikumbuka kicheko kile natamani kuziba masikio.

Afande alitoa fulana moja ya kijivu, ya mikono mirefu, nzito, iliyotiwa kiraka ubavuni kwa uzi wa buluu. "Hii sufu. Nimevaa kama hii Abisinia, mlimani, mvua usiku kucha. Sufu ikilowa bado iko na joto. Lakini ile ya pamba ikilowa," akaonyesha kwa kidevu duka la Mhindi lililokuwa nyuma yetu, "umevaa maji."

"Na mwenye tundu hili la ubavuni naye alisikia joto?" baba mdogo akauliza.

"Panya hiyo, baba!"

"Panya mwenye bunduki," mtu mmoja akasema nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Afande hakukasirika. Aliweka bakuli la maji mbele yetu. Alisema, chukua hii, chukua na ile ya Mhindi, lowesha mkono mmoja wa hii na mmoja wa ile, vaa, kaa hapa mpaka nimalize chai yangu. "Ngozi yako mwenyewe itakwambia. Mimi nanyamaza."

"Jua lote hili?" baba mdogo akasema. "Hapa Busia ngozi gani itasikia baridi?"

Lilikuwa jibu zuri, na watu walilipenda. Jaribio halikufanyika.

Dukani kwa Mhindi fulana za pamba zilikuwa mpya, nyeupe, zimekunjwa kwenye karatasi, na kwa bei ya ile moja ya sufu ungepata mbili. Baba mdogo alizitazama, akarudi kwa afande, akaingiza mkono ndani ya ile ya kijivu mpaka kwenye kiwiko. Akaugeuza mkono huku na huku, taratibu. Niliona kwamba anaitaka. Hilo ndilo ninalotaka ulijue, msomaji: niliona. Kisha akanigeukia.

"Karani, kata shauri. Mkono wa mtoto hauna choyo."

Ulikuwa usemi wake. Aliamini kwamba kitu cha safari kikichaguliwa na mtoto hakitakuwa na kinyongo cha mtu. Hata mbegu za kupanda alinichagulisha mimi.

Niliigusa sufu. Iliwasha. Ilinuka kafuri, na chini ya kafuri ilinuka mtu nisiyemjua. Nikafikiri. Nilikuwa mdogo, lakini tayari nilikuwa mtu asiyeweza kuokota ndizi bila kuzilinganisha zote, na siku hiyo nililinganisha kwa makini: moja na mbili, kuukuu na mpya, nguo ya maiti na nguo ya dukani. Mwisho nikakumbuka lile lundo nyumbani, na jambo likaisha.

"Zile mbili nyeupe."

"Kwa nini?"

"Pamba ina joto, baba. Si tunalala ndani yake?"

"Umesikia, afande?" akasema baba mdogo, akitoa mkono wake ndani ya sufu. "Serikali imesema."

Afande aliikunja ile ya kijivu bila haraka. "Mtoto wa pamba," akasema. "Haya. Mungu awe mbele yenu."

Sasa niseme habari ya moto, maana bila hiyo hutaelewa. Katika ukoo wetu, mwanamume akiwa porini kuwinda, mkewe huulinda moto wake usizimike mpaka arudi. Kama hajaoa, mama yake ndiye anayeulinda. Hatoi kaa la moto kwa jirani, wala hachukui la mtu. Bibi, mama wa baba zangu, ndiye aliyesimamia sheria hiyo, na macho yake hayakuwa na likizo. Mama mdogo Nyaketcho, mke wa Obbo, alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, aliyezaliwa Rubongi. Usiku wa tatu baada ya mumewe kuondoka ilinyesha mvua kubwa isiyo ya msimu, paa likavuja juu ya mafiga. Alfajiri akanitikisa, akanipa kigae cha chungu, akaninong'oneza nikaombe kaa kwa jirani na nirudi kimya.

Nilikutana na bibi kwenye njia.

"Moto huo unautoa wapi?"

Nikamwambia. Nilikuwa mtoto mkweli sana wa makosa ya wengine.

Siku ya tano walimleta. Walikuwa wamemfunga ndani ya wavu wake wa kuwindia, juu ya miti miwili, watu wanne wakibadilishana. Uso wake ulikuwa umetulia, hauna jeraha, jambo lililowafanya wanawake walie zaidi. Nje ya wavu, kwenye shingo, niliona ukingo mweupe wa fulana.

Mafabi alisimulia msibani, akiwa amekaa chini, ngozi ya mbuzi mabegani. Walipanda wakitoa jasho. Alasiri, juu kabisa ambako miti imekwisha na kubaki majani marefu, mvua ya mawe iliwakuta. Hakuna kuni iliyokubali kuwaka. Watu wa mlimani walivua kila kilicholowa, wakajifunika ngozi, wakabanana migongo kama ndama. "Nilimwambia, shemeji, vua hizo, zimekuwa maji. Akanicheka. Akasema, hizi nimechaguliwa na karani wangu, nikirudi bila hizo nitamwambia nini? Nikajaribu kumvua kwa nguvu, akanisukuma. Baadaye akaanza kuongea maneno yasiyoshikana. Baadaye tena akatulia, akasema anasikia joto. Nikamshukuru Mungu, nikajua amepona. Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa barafu, na yeye fulana imeganda juu yake kama ubao."

Nilikuwa nyuma ya mlango. Katika maneno yote yale nilichukua neno moja tu, nikaondoka nalo kama mwizi: alisikia joto. Basi pamba ilifanya kazi yake. Basi si mimi. Na kama si mimi, ni nani? Bibi alikuwa tayari na jibu. Alihesabu usiku kwa vidole, akasimama, akasema mbele ya waombolezaji kwamba mwanawe alikufa usiku uleule moto wake ulipozimwa. Watu wakageuka wakamtazama mama mdogo. Na moto ulizimika kweli.

Nilifurahi. Nimelizunguka neno hilo miaka mingi nikitafuta la upole zaidi, silipati. Nililia na wenzangu, na ndani yangu nilifurahi kwamba ni moto.

Hawakumfukuza. Kwetu ni Wakristo, na kanisani aliendelea kukaa benchi lake. Ila hakuna mwanamke aliyemwomba kaa tena. Kwenye arusi waliomba mikono yake kwa kumenya na kuchota maji, si kwa kuwasha. Alimlea Okoth peke yake, akalima pamba peke yake, na mimi nilipofaulu kwenda shule ya bweni alinishonea mto wa kulalia, akaujaza pamba aliyoichambua kwa vidole.

Miaka miwili kabla ya Jumatatu ile ya malori, chuoni, rafiki yangu aliyesomea udaktari alikuwa akijisomea kwa sauti wakati mimi nasuka nywele. Akasoma kwamba mtu anayekufa kwa baridi, karibu na mwisho, huweza kuhisi joto, hata wengine huvua nguo. Akageuza ukurasa. Mimi nikaweka kitana chini. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza jambo la mtihani, nguo ya pamba ikilowa inakuwaje? Akasema inashika maji na kuifyonza ngozi joto lake. Sufu je? Akasema hata kondoo anajua.

Na lundo letu la nyumbani? Lilikuwa kavu. Sikuwahi kujizika ndani ya pamba iliyolowa, maana hakuna mkulima anayeruhusu pamba yake ilowe.

Niliyajua hayo miaka miwili, na likizo zote nilikula kwa mama mdogo, nikasema ahsante, nikaenda zangu. Nilijipa sababu nyingi, zote safi. Bibi ni mzee, mshtuko utamdhuru. Huenda hata sufu isingemwokoa. Mafabi angeweza kumvua kwa nguvu zaidi. Mtoto wa miaka minane hahukumiwi. Kila moja ilikuwa kweli, na zote pamoja hazikunilaza.

Okoth alipokuwa anaondoka jioni ile mlangoni kwangu, aliongeza jambo moja kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Bibi ameamua mama yake aende Rubongi kwa ndugu zake mpaka Okoth ashuke mlimani. Moto wake utalindwa na mwanamke mwingine. "Mama ameshaanza kufunga mzigo," akasema. "Ni vile tu, dada. Si unajua habari zake."

Ndiyo. Nilizijua.

Kuchagua fulana kulinichukua dakika moja. Hilo nililijua tangu mwanzo. Siku nne zilikwenda kwenye lile lingine. Jumamosi nilikwenda Busia. Afande Wandera hakuwako tena, mahali pake palikaa kijana aliyeuza makoti na viatu, na chini ya rundo nikapata fulana ya sufu, kahawia, haina kiraka. Iliwasha vilevile. Kisha nikaingia dukani nikanunua moja nyeupe ya pamba.

Jumapili alfajiri nilikuwa Nabuyoga. Mvua ilikuwa imepita na upepo ulivuma kutoka upande wa mlima. Bibi alikuwa amekaa kizingitini, shuka mabegani. Okoth alikuwa akinoa mkuki. Nilichota maji, nikatumbukiza mkono wa sufu na mkono wa pamba, nikakamua.

"Bibi, naomba mikono yako."

"Ya nini? Umekuja kunibatiza?"

"Vaa tu, bibi. Mpaka ninywe chai."

Alinipa mikono yake, mikavu na myepesi kama maganda ya njugu. Wa kulia nikauvika sufu, wa kushoto pamba. Nikanywa chai bila kuionja. Upepo ulivuma. Nusu ya kikombe haijaisha, mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka, kwanza vidole, kisha kiwiko. Wa kulia ulitulia kwenye goti.

"Toa hii," akasema. "Inaniua."

Niliitoa. Kisha nikasema. Sikusema vizuri, nilikuwa nimepanga maneno siku nne na yote yalikimbia. Nilisema baba mdogo aliitaka ya sufu, aliingiza mkono wake ndani, nami nikachagua hizi. Nilisema hakuzivua kwa ajili yangu. Nilisema si moto.

"Alisikia joto," bibi akasema. "Mafabi aliapa."

"Ndivyo wanavyokufa, bibi. Mwishoni wanasikia joto."

Okoth alikuwa ameacha kunoa. Nilipogeuka, mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu, mzigo wake kichwani. Sikujua amesimama tangu lini.

"Na kigae?" akaniuliza. "Nilikwambia urudi kimya. Nani alimwambia?"

"Mimi."

"Na hili la joto umelijua lini?"

Ningeweza kusema juzi. Neno lilikuwapo ulimini, tayari kabisa.

"Miaka miwili, mama."

"Miaka miwili," akasema.

Alishusha mzigo, akaurudisha ndani. Tulimsikia akisogeza mafiga, akivunja kuni. Bibi aliutazama mkono wake wa kushoto, akauingiza chini ya shuka. Alipotoka, mama mdogo alichukua sufu mkononi mwa bibi, akaianika karibu na moto, akamwambia Okoth asiivae mpaka ikauke na asiivue mpaka arudi. Mimi hakunitazama, na chai yangu iliyobaki aliimwaga.

Okoth aliondoka Jumanne. Mama yake hajaenda Rubongi. Nimeomba ruhusa kazini, na kila jioni namkatia kuni, naziweka mlangoni, narudi nyumbani kwa baba. Asubuhi nakuta zimechukuliwa.